Dunia Ilipotazamwa kutoka Nje: Picha, Salamu na Maneno ya Kiswahili katika Zama za Anga

1. Utangulizi

Neno dunia ni miongoni mwa maneno yanayotumiwa sana katika Kiswahili, na yamkini kwa sababu hiyo hiyo ni miongoni mwa yale yanayochunguzwa kidogo. Asili yake ni Kiarabu, ambako hubeba maana ya kitu kilicho karibu zaidi au kilicho chini zaidi. Mkabala wake wa jadi si sayari nyingine, bali ni akhera, yaani ile iliyo ya mwisho. Mswahili wa zamani aliposema kwamba fulani ameiaga dunia, hakuna aliyedhani kwamba amepanda chombo akaenda Mwezini. Kila msikilizaji alijua kwamba amefariki.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 lilitokea jambo ambalo neno hili halikuandaliwa kulibeba. Watu walitoka duniani wakiwa hai, wakaiona kwa nyuma, wakaipiga picha, kisha wakarejea kusimulia. Dunia, ambayo ilikuwa mahali pa kuishi na hali ya kupita, ikawa kitu cha kutazamwa: tufe la buluu na nyeupe lililozungukwa na giza. Papo hapo likazuka upya swali la kale: je, uhai uko hapa tu, au uko na kwingineko?

Mhadhara huu unachunguza historia ya tukio hilo kwa jicho la taaluma za Kiswahili. Hoja zake ni tatu. Kwanza, picha za Dunia zilizopigwa kati ya mwaka 1946 na mwaka 1990 zilibadili maana ya maneno ambayo Kiswahili kilikuwa kimeyarithi kwa karne nyingi. Pili, Kiswahili kilishiriki katika zama za anga kwa namna ya ajabu: kilipelekwa angani kama jina, lakini hakikupelekwa kama sauti. Tatu, swali la uhai nje ya Dunia haliwezi kujadiliwa vyema katika Kiswahili mpaka istilahi zake zipangwe kwa uangalifu, maana vurugu iliyopo sasa katika majina ya sayari inawapotosha wanafunzi kabla hata hawajafika kwenye swali lenyewe.

2. Maneno kabla ya picha

Hapana budi kuanza na maneno yenyewe. Neno sayari, ambalo leo hutumiwa bila shida yoyote, limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kwenda au kusafiri. Wataalamu wa falaki wa kale waliona kwamba nyota nyingi hushika nafasi zao kila usiku zikilinganishwa na nyota nyingine, lakini chache hutangatanga. Hizo chache ndizo zilizoitwa wasafiri. Katika fikra hiyo Dunia haikuwa sayari hata kidogo. Ilikuwa kitovu kilichotulia, na wasafiri ndio walioizunguka. Kwa hiyo usemi wa kisasa “sayari ya Dunia” unaunganisha maneno mawili ambayo zamani yangepingana: mahali pa karibu palipotulia, na nyota inayosafiri.

Neno ulimwengu nalo lina mambo yake. Katika matumizi ya kawaida ulimwengu ni mambo ya watu, na walimwengu ni watu wenyewe, hasa wanapolaumiwa kwa fitina, husuda na maneno mengi. Waandishi wa sayansi walilichukua neno hilo wakalipanua hadi likajumuisha nyota zote na anga lote. Matokeo yake ni kwamba Kiswahili cha leo kina ulimwengu mmoja mdogo, ule wa majirani wanaosengenyana, na ulimwengu mwingine mkubwa usioonekana mwisho wake, na vyote viwili vinabebwa na neno moja.

Maneno haya ya asili ya Kiarabu hayakuja peke yake. Yalikuja pamoja na elimu. Majina Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali yalijulikana katika pwani ya Afrika Mashariki na wenye elimu ya falaki, ambao walihitaji kujua nyakati za sala, miandamo ya mwezi na siku za kusafiri. Kando ya elimu hiyo kulikuwa na elimu nyingine ya Kibantu, iliyo kongwe zaidi katika ardhi hii. Kundi la nyota liitwalo kilimia lina jina linalotokana na kulima, kwa kuwa kuonekana kwake kuliongoza majira ya kilimo. Mwezi wa mbinguni na mwezi wa kuhesabu siku ni neno moja. Mkulima na nahodha wote wawili walisoma anga, ingawa kila mmoja alikuwa na haja yake.

Wazo la kupanda na kuitazama Dunia kutoka juu halikuwa geni pia. Tenzi zinazosimulia Miraji ya Mtume Muhammad zilimpeleka msikilizaji wa Kiswahili mbingu baada ya mbingu. Tofauti ni kwamba katika safari hiyo jicho lilielekezwa juu. Lengo lilikuwa kufika, wala si kugeuka na kutazama nyuma. Hali kadhalika, utenzi mashuhuri wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir uliitafakari dunia na kuiona kuwa ni hadaa, ukitoa mfano wa majumba ya Pate yaliyobomoka. Hapo pia dunia ni hali ya kuonywa nayo. Haina umbo wala rangi.

3. Kugeuka na kutazama nyuma, 1946–1972

Picha ya kwanza ya Dunia kupigwa kutoka anga za juu haikupigwa na mtu. Mnamo tarehe 24 Oktoba 1946, roketi ya V-2, aina ya silaha ambayo Wajerumani walikuwa wameitumia vitani, ilirushwa kutoka White Sands katika jimbo la New Mexico, Marekani, ikiwa imefungwa kamera ya filamu ya milimita 35. Ilipanda hadi takriban kilomita 105, kisha ikaanguka na kuvunjika vipandevipande. Filamu ilinusurika kwa kuwa ilihifadhiwa ndani ya kasha la chuma. Picha hizo za rangi nyeusi na nyeupe zilionyesha kwa uwazi upeo wa macho uliopinda na mawingu yaliyotawanyika chini.

Yuri Gagarin wa Muungano wa Kisovieti alikuwa binadamu wa kwanza kuizunguka Dunia, tarehe 12 Aprili 1961, katika safari ya dakika 108. Hata hivyo, yeye na wanaanga waliomfuata kwa miaka kadhaa waliiona Dunia kwa karibu mno, kama mtu anayeitazama nyumba akiwa amesimama barazani. Hawakuiona nzima. Waliopata bahati hiyo kwa mara ya kwanza ni watu watatu wa safari ya Apollo 8: Frank Borman, Jim Lovell na Bill Anders. Tarehe 24 Desemba 1968, walipokuwa wakiuzunguka Mwezi, Anders aliiona Dunia ikichomoza nyuma ya ukingo wa Mwezi, akaipiga picha ya rangi. Chombo kisicho na watu, Lunar Orbiter 1, kilikuwa kimepiga picha ya mandhari kama hiyo tarehe 23 Agosti 1966, lakini ilikuwa nyeusi na nyeupe na haikugusa nyoyo za watu kwa kiasi hicho. Rangi ndiyo iliyoleta tofauti. Mwezi ulikuwa wa kijivu, anga lilikuwa jeusi, na kitu pekee chenye rangi katika picha nzima kilikuwa Dunia.

Miaka minne baadaye, tarehe 7 Desemba 1972, Eugene Cernan, Ronald Evans na Harrison Schmitt walikuwa njiani kuelekea Mwezini katika Apollo 17. Saa chache baada ya kurushwa, wakiwa umbali wa kilomita zipatazo 29,000, jua likiwa nyuma yao, mmoja wao alipiga picha ya Dunia ikiwa imeangazwa yote. Picha hiyo ina umuhimu wa pekee kwa Waafrika. Kinachoonekana ndani yake si Ulaya wala Amerika. Ni Afrika karibu yote, Rasi ya Uarabuni, Bukini na bahari ya Hindi, pamoja na barafu ya Antaktika iliyokuwa ikipata mwanga wa kiangazi cha kusini. Pwani ya Waswahili na njia ya majahazi ya kwenda Uarabuni zimo ndani ya picha iliyosambazwa kuliko karibu picha nyingine yoyote katika historia.

Lipo jambo moja ambalo wachunguzi wa lugha na utamaduni hawana budi kulizingatia. Picha ya Apollo 17 ilipopigwa, kusini kulikuwa juu. Kabla ya kuchapishwa iligeuzwa ili kaskazini kukae juu kama ilivyozoeleka katika ramani za shule. Picha ya Anders nayo huchapishwa ikiwa imelazwa ili Mwezi uonekane kama ardhi iliyo chini ya miguu, ilhali katika fremu ya asili ukingo wa Mwezi ulisimama wima. Kwa hakika angani hakuna juu wala chini. Ramani ya Al-Idrisi ya mwaka 1154 iliweka kusini juu, na wasomaji wake hawakuona kasoro yoyote. Kwa hiyo hata picha iliyosifiwa kuwa imeionyesha Dunia jinsi ilivyo ilipitia kwanza mikononi mwa mazoea ya watu fulani. Ilitafsiriwa, kama matini yoyote inavyotafsiriwa.

4. Uhuru: neno la Kiswahili katika obiti

Katika miaka hiyo hiyo, pwani ya Kenya ilikuwa na kituo chake cha kurushia vyombo vya anga. Mradi wa San Marco, uliobuniwa na Mwitaliano Luigi Broglio, ulijenga majukwaa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Sababu ya kuchagua mahali hapo ilikuwa ya kimaumbile. Karibu na ikweta mzunguko wa Dunia huwa na kasi kubwa zaidi, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki huongezewa kasi hiyo bila gharama. Setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka hapo mwezi Aprili 1967, na urushaji uliendelea kwa vipindi hadi mwaka 1988.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka majukwaa hayo. Msimamizi wa mradi huo, Marjorie Townsend, alipendekeza iitwe Uhuru kwa heshima ya nchi iliyoipokea na ya siku yenyewe. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa mahususi kwa uchunguzi wa eksirei zinazotoka katika nyota. Orodha ya mwisho iliyotokana na kazi yake ina vyanzo 339 vya eksirei, na data zake zilichangia sana kulifanya shimo jeusi kuwa jambo la kupimwa badala ya kubaki dhana ya karatasini. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi, alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Setilaiti ya Uhuru haikuitazama Dunia, lakini ina uhusiano wa ndani na mada hii. Eksirei za nyota haziwezi kuchunguzwa kutoka ardhini kwa sababu angahewa huzizuia. Kizuizi hicho ni neema, kwani kingeondolewa uhai juu ya ardhi ungekuwa mashakani. Kwa maneno mengine, hewa ile ile inayomwezesha binadamu kuishi ndiyo inayomfunga macho asione sehemu kubwa ya anga. Ilimpasa atoke nje ya hewa hiyo ili aone, na alipotoka akatambua jinsi ilivyo nyembamba.

Kwa mintarafu ya lugha, tukio la 1970 lilikuwa la kipekee. Neno ambalo lilikuwa limebebwa katika mikutano ya hadhara kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi liliingia katika majarida ya fizikia ya kimataifa, na bado limo. Lakini liliingia kama jina maalumu, bila sarufi na bila wasemaji wake. Mwanafizikia wa Ulaya angeweza kulitaja mara mia bila kujua kwamba lina mzizi wa Kiarabu, kiambishi cha Kibantu na historia ya watumwa na waungwana nyuma yake. Setilaiti yenyewe iliacha kufanya kazi mwaka 1973, na mwaka 1979 ilirejea katika angahewa na kuteketea.

5. Sahani ya dhahabu na salamu zisizokuwamo

Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili, Voyager 2 tarehe 20 Agosti na Voyager 1 tarehe 5 Septemba, kwenda kuchunguza sayari za mbali. Kwa kuwa vyombo hivyo vilitarajiwa kuuacha kabisa mfumo wa jua, kila kimoja kilifungwa sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye sauti na picha za Dunia, kwa ajili ya yeyote atakayekutana nacho. Kamati iliyochagua yaliyomo iliongozwa na mwanafalaki Carl Sagan. Ndani ya sahani hiyo mna muziki wa takriban dakika 90, picha zaidi ya 100, sauti za mvua, ndege na mashine, na salamu za watu katika lugha 55.

Afrika Mashariki na Kati haikusahaulika kabisa. Mna wimbo wa unyago wa wasichana wa Mbuti, uliorekodiwa na Colin Turnbull katika msitu wa Ituri, eneo ambalo Kiswahili cha Kingwana kilikuwa lugha ya mawasiliano. Mna picha ya Jane Goodall akiwa na sokwe, mtafiti ambaye kazi yake ilifanyika Gombe, Tanzania. Katika salamu zenyewe mna lugha za Kibantu: Kiganda, Kinyanja, Kiila cha Zambia, Kisotho na lugha ya kundi la Nguni. Mna hata Kisumeri, Kiakadi na Kihiti, lugha ambazo wasemaji wake walitoweka maelfu ya miaka iliyopita. Kiswahili hakimo.

Jambo hili haifai kulikuza kupita kiasi wala kulipuuza. Salamu zilikusanywa kwa haraka katika mwaka huo wa 1977, nyingi zikiwa zimerekodiwa Chuo Kikuu cha Cornell na watu waliopatikana karibu. Orodha haikuwa hukumu juu ya ukubwa au udogo wa lugha. Hata hivyo, kukosekana huko kunafundisha jambo kuhusu hali ya Kiswahili wakati ule. Lugha iliyokuwa ikitumiwa bungeni na mahakamani Tanzania, na sokoni kutoka Lamu hadi Lubumbashi, haikuwa na kauli katika chumba ambamo sauti za binadamu zilichaguliwa. Miongo minne na zaidi baadaye, mwaka 2021, UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kamati kama ile ingekutana leo, ni vigumu kufikiri kwamba ingekisahau.

La muhimu zaidi kwa mwanaisimu ni kile ambacho salamu za Kibantu zilizomo zinakifanya. Salamu ya Kinyanja inawauliza watu wa huko juu wako katika hali gani. Salamu ya Kiganda inaanza kwa namna ya mtu anayemjulia mwenzake hali baada ya usiku, kisha inaomba Mungu awape amani. Kanuni hiyo Mswahili anaifahamu vizuri. Hujambo, habari za asubuhi, mmeamkaje: yote hayo ni maswali. Katika jamii hizi kusalimu si kujitambulisha wala kutangaza kuwapo. Ni kumkubali yule mwingine kuwa ni mtu mwenye hali, mwenye kulala na kuamka, mwenye nyumba na jamaa wa kuulizwa habari zao, na ni kumwachia nafasi ya kujibu. Salamu isiyojibiwa ni jambo zito. Kwa hiyo wasemaji wale, pengine bila kukusudia, walipeleka angani dhana ya Kibantu ya kuwako kwa mwingine: kwamba kabla ya kumweleza mgeni wewe ni nani, kwanza humuuliza yu hali gani.

Voyager 1 iliingia katika anga iliyo baina ya nyota mwezi Agosti 2012, na Voyager 2 mwezi Novemba 2018. Jina la Uhuru liliteketea juu ya Dunia, ilhali salamu za Kiganda na Kinyanja zingali zinasafiri.

6. Nukta, na jaribio la mwaka 1990

Tarehe 14 Februari 1990, kwa ombi ambalo Sagan alikuwa amelisisitiza kwa miaka kadhaa, kamera ya Voyager 1 iligeuzwa nyuma. Chombo kilikuwa umbali wa takriban kilomita bilioni 6. Katika picha iliyopatikana Dunia ni nukta ndogo iliyopotea katika mstari wa mwanga wa jua, ndogo kuliko chembe moja ya picha. Bara halionekani, wala bahari. Kama picha ya 1972 iliipa Afrika nafasi ya mbele, picha ya 1990 iliwanyima nafasi hiyo watu wote kwa usawa.

Hata hivyo, tukio lenye maana kubwa zaidi kwa swali la uhai lilitokea baadaye mwaka huo huo, na halijulikani sana. Chombo cha Galileo, kilichokuwa kikienda Mshtarii, kililazimika kupita karibu na Dunia tarehe 8 Desemba 1990 ili kiongezewe kasi na mvuto wake. Sagan na wenzake walitumia nafasi hiyo kuuliza swali lililoonekana la mzaha: kama mtu asingejua lolote kuhusu Dunia, je, vyombo hivi vingemwonyesha kwamba ina uhai? Matokeo yalichapishwa mwaka 1993 katika jarida la Nature.

Ushahidi waliopata ni wa aina tatu. Kwanza, angahewa ilikuwa na oksijeni nyingi pamoja na methani. Gesi hizi mbili hazikai pamoja kwa muda mrefu, kwani oksijeni huiharibu methani. Zikionekana pamoja kwa viwango vile, ni lazima kuna kitu kinachozijaza upya daima. Pili, ardhi ilinyonya mwanga mwekundu kwa namna isiyolingana na mwamba wala udongo unaojulikana. Hiyo ilikuwa alama ya mimea. Tatu, yalinaswa mawimbi ya redio membamba na yaliyopangiliwa, ambayo hayafanani na ya radi wala ya vyanzo vingine vya asili. Ni ushahidi huu wa tatu peke yake ulioashiria kuwapo kwa viumbe wenye akili na ufundi. Katika picha zenyewe hakuna mji wala barabara iliyotambulika kwa yakini.

Jaribio hilo liliweka kipimo. Dunia, ambayo hapo awali ilikuwa makao ya mwulizaji, sasa ilikuwa sampuli iliyojibiwa tayari, ili majibu yake yatumike kwingine. Miaka miwili baada ya chapisho hilo, mwaka 1995, Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza sayari inayoizunguka nyota ya 51 Pegasi, inayofanana na Jua. Hadi mwaka 2022 sayari za nyota nyingine zilizothibitishwa zilikuwa zimezidi 5,000. Darubini ya James Webb, iliyorushwa mwezi Desemba 2021, huchunguza gesi za baadhi ya sayari hizo kwa mantiki ile ile ya 1990. Uthibitisho wa uhai haujapatikana popote nje ya Dunia.

7. Uhai, maisha na majina ya sayari

Hapa ndipo taaluma ya Kiswahili inapodaiwa mchango wake. Msemo “maisha nje ya dunia”, ambao hutumiwa mara nyingi katika magazeti na redio, una tatizo katika kila neno lake zito. Maisha ni namna mtu anavyoishi: riziki yake, mahangaiko yake, umri wake. Kitu kinachotafutwa na wanasayansi ni uhai, yaani ile hali ya kuwa hai, ambayo hata kimelea kisichoonekana kwa macho kinayo. Anayesikia maisha hufikiria watu wenye nyumba na mavazi. Anayesikia uhai anaweza kufikiria ukungu juu ya jiwe. Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno yote mawili, na kuyachanganya ni kujinyima faida hiyo.

Kuhusu neno dunia, msikilizaji aliyelelewa katika mapokeo ya dini atasikia katika msemo huo habari za akhera. Waandishi wa kisasa wamejaribu kutenganisha maana kwa kuandika Dunia kwa herufi kubwa wanapokusudia sayari. Njia hiyo inafaa katika maandishi ya Kilatini, lakini haisikiki katika mazungumzo. Aidha, hati ya Kiarabu, ambayo ndiyo iliyoandikiwa Kiswahili kwa karne nyingi, haina herufi kubwa. Kwa hiyo tofauti hii ni mpya kabisa, na inategemea jicho tu. Mwalimu anayefundisha kwa mdomo hana budi kuitamka kwa maelezo.

Vurugu kubwa zaidi imo katika majina ya sayari. Baadhi ya vitabu vya shule vilivyoandikwa baada ya uhuru viliitaja sayari ya kwanza kwa jina la Zebaki. Chanzo cha kosa si kigumu kukitambua: kwa Kiingereza sayari hiyo na madini ya zebaki huitwa kwa neno moja, na mfasiri alilitafsiri neno la madini. Utaridi, jina lililokuwapo siku zote, likaachwa. Vile vile majina Sumbula, Sarateni na Kausi yalipewa sayari, ilhali katika elimu ya falaki hayo ni majina ya buruji, yaani makundi ya nyota ambamo jua huonekana kupita katika mwaka. Sarateni ni kaa, Sumbula ni shuke, na Kausi ni upinde. Mwanafunzi aliyejifunza hivyo akikutana na mzee wa pwani anayejua nyota, wawili hao hawataelewana, na mwanafunzi atadhani mzee ndiye asiyejua.

Hasara ya vurugu hiyo haiishii kwenye kamusi. Inakata uzi uliounganisha elimu ya anga ya pwani na elimu ya anga ya leo, na kumfanya kijana aamini kwamba habari za sayari zilimjia kwa Kiingereza, ikabidi yeye atafutiwe majina. Historia inasema kinyume chake.

8. Hitimisho

Katika kipindi kisichozidi nusu karne, kutoka roketi ya 1946 hadi vipimo vya Galileo vya 1990, Dunia ilitazamwa kutoka kilomita 105, kisha kutoka Mwezini, kisha kutoka kilomita bilioni 6, na mwishowe ikapimwa kana kwamba haijulikani. Katika kila hatua Kiswahili kilikuwa karibu na tukio kuliko inavyofikiriwa: pwani yake ilionekana katika picha, bahari yake ilibeba majukwaa ya roketi, neno lake lilipewa setilaiti, na lugha za jamaa zake zilisalimu kwa niaba ya watu wote. Kenya imekwisha kupeleka angani setilaiti zake yenyewe, mojawapo ikiwa Taifa-1 ya mwezi Aprili 2023, ambayo ina kamera ya kuitazama nchi kutoka juu.

Kazi iliyobaki ni ya wanaisimu na wanafunzi wao, nayo ni ya namna mbili. Ya kwanza ni kurekebisha istilahi katika vitabu vya shule: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali zirudishiwe nafasi zao, buruji zirudishiwe majina yao, na uhai utenganishwe na maisha. Ya pili ina haraka zaidi. Wavuvi na manahodha wazee wa Lamu, Pemba, Unguja na Kilwa wanaojua majina ya nyota wanapungua kila mwaka, na vifaa vya kisasa vya kuonyesha njia vimewaondolea vijana haja ya kujifunza kutoka kwao. Majina hayo yakusanywe, yaandikwe na kulinganishwa na ramani za anga wakati wenyewe wangali hai. Mkusanyaji na ahakikishe, kabla ya kuuliza habari za nyota, kwamba amemjulia mzee hali.